Anayemtoa Mbwa Aitaje na Ila Yake

Kila yanapowadia majira ya uhamisho wa watumishi, hasa shule zifungwapo mwishoni mwa mwaka, malori huonekana mitaani yakipakia vitanda, makabati na magodoro. Katika mali yote ya nyumba, viko vitu ambavyo aghalabu havipandi lori hilo: vyungu vya maua, kuku waliobaki bandani, na mbwa. Maua huachiwa jirani. Kuku huchinjwa. Mbwa ndiye hutafutiwa mtu.

Zamani mbwa huyo alikuwa mkubwa, wa kulinda boma, na kumpata mtu wa kumchukua halikuwa jambo gumu. Siku hizi katika miji yetu, kuanzia Tanga hadi Moshi, Arusha na Dar es Salaam, wameongezeka vijibwa vya manyoya, vya mbegu za kigeni kama Maltese na Pomeranian, na machotara wao. Hununuliwa kwa ajili ya watoto, huzoea kulala ndani, na hawajui kulinda wala kuwinda. Kijibwa cha namna hiyo kinapougua, au kinapokuwa na tabia ya kukojoa sakafuni, ndipo wenyewe hugundua kwamba nyumba wanayohamia haina uwanja. Na siku ya kukabidhiana husemwa maneno yaleyale: mbwa mwenyewe mpole, hana matatizo.

Maneno hayo mawili, "hana matatizo", ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Wapo watakaouliza kama gazeti halina mambo mengine ya kuandika. Pana bei ya mkonge, pana maji, pana zahanati zisizo na dawa. Mbwa ana nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mbwa hahami peke yake. Huhama na mate yake, kupe wake, maradhi yake na tabia yake, akaingia katika nyumba yenye watoto, yenye jirani, na pengine yenye watu wanaosali. Aliyemtoa anajua anachokitoa. Aliyempokea hajui. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na mbwa usiyeishi naye ni vivyo hivyo. Anayeijua ila na akanyamaza, huyo amemtwisha mwenzake mzigo gizani.

Katika mwambao wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa mujibu wa madhehebu hayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kumfuga mbwa kwa ulinzi, kwa mifugo, kwa shamba au kwa kuwinda kumeruhusiwa. Lakini mtu anayempokea mbwa akiambiwa kwamba atakaa uani, kumbe mbwa amezoea kulala kwenye busati na kukojoa ukumbini, ametiwa katika tabu ya ibada yake bila ya ridhaa yake. Tena nyumba zetu nyingi ni za kupanga: ukumbi mmoja, uani mmoja, vyumba sita vya familia sita. Mkojo wa mbwa mmoja katika ukumbi huo ni ugomvi wa watu ishirini.

Hata hivyo wasitokee watu wakaigeuza dini kuwa fimbo ya kumpigia mnyama. Aliyesoma chuoni anakumbuka kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Anakumbuka pia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Na anakumbuka hadithi ya mfanyabiashara wa nafaka, ambaye Mtume alitia mkono katika fungu lake akakuta chini pamelowa, akamuuliza kwa nini hakuyaweka yale majimaji juu ili watu wayaone. Wanazuoni wa Kishafii hawahalalishi bei ya mbwa; lakini kama aibu ya nafaka haifichwi, sembuse aibu ya kiumbe chenye meno?

Wale wasioshika msahafu wana kipimo chao. Mwanachama wa TANU, na baadaye wa Chama Cha Mapinduzi tangu kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, ameahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikuwekewa mpaka kwamba ni kweli ya mkutanoni tu, na kwamba mtu akifika uani kwake anaruhusiwa kusema uongo.

Sasa tuingie katika ila yenyewe. Ila inayofichwa kuliko zote ni mkojo, na ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Watu wengi huamini kwamba mbwa anayekojoa ndani ana kiburi, au analipiza kisasi. Mbwa hana hesabu ya kisasi. Anayekojoa ndani ama hakufundishwa, ama ana hofu, ama anaweka alama ya mipaka yake, ama ni mgonjwa. Haya ni mambo manne mbalimbali, na kila moja lina dawa yake.

Asiyefundishwa hufundishika, hata akiwa mtu mzima. Mtoto wa mbwa anaweza kuzuia mkojo kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake; kwa hiyo wa miezi mitatu asitazamiwe kuvumilia usiku kucha. Hutolewa nje mara anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala, daima mahali palepale, na akimaliza husifiwa papo hapo au hupewa kipande cha chakula. Kumsugua pua katika mkojo wake, au kumpiga kwa kosa la saa moja iliyopita, hakumfundishi chochote ila kujificha. Pale alipokojoa paoshwe vizuri hadi harufu iishe, wala pasitiwe dawa ya kusafishia yenye amonia, kwani harufu yake inafanana na ya mkojo, na mbwa atarudi palepale. Kazi hii huchukua majuma, pengine miezi. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aliyepo nyumbani, na ndiyo sababu anayepokea lazima aambiwe mapema, ajipime kama anao mtu huyo.

Mwenye hofu hulowesha sakafu anapoinamiwa au anapofokewa. Huyu akipigwa huzidi. Dume anayeweka alama huinua mguu penye nguzo za milango na miguu ya viti, mara nyingi kidogo kidogo. Akihasiwa mapema, aghalabu hupungua.

Wa nne ndiye wa kuangaliwa sana. Mbwa aliyekuwa msafi mwaka mzima kisha ghafla akaanza kulowesha ndani, asifikiriwe kuwa ameharibika tabia mpaka daktari wa mifugo amwone. Pengine njia ya mkojo ina maradhi. Pengine ana mawe katika kibofu, ambayo mbwa wa mbegu ndogo huyapata sana. Pengine ana kisukari, au figo zimechoka kwa uzee, na dalili yake ni kunywa maji mengi kuliko desturi. Jike aliyefungwa kizazi huweza kuvuja akiwa usingizini bila hata kujijua. Dalili za kibofu si za kujificha: hutoka nje mara kwa mara, huchuchumaa kwa muda mrefu, hutoka matone machache, pengine yenye damu. Na dume akijikamua bila ya kutoka hata tone, hiyo ni hatari ya kufa; asingojee kesho. Mengi kati ya maradhi haya hutambulika kwa kupima mkojo, na mawe mengi huonekana katika picha ya eksirei. Baadhi ya mawe huyeyushwa kwa dawa na chakula maalumu. Mengine hutolewa kwa kupasua.

Kwa hiyo anayesema "hana matatizo" juu ya mbwa anayevuja mkojo anafanya makosa mawili kwa mpigo: amemdanganya jirani, na amemnyima mnyama tiba.

Kisa kimoja kilichotokea katika mtaa wetu kitaonyesha jinsi makosa hayo yanavyokua. Mwalimu mmoja alipata uhamisho wa kwenda mkoa wa mbali. Alikuwa na kijibwa jike, chotara mweupe, wa umri wa miaka sita hivi. Akampa mwenye duka wa jirani, kwa maneno yale tunayoyajua. Katika juma la kwanza kijibwa kililowesha gunia la unga. Mwenye duka akakipiga. Kikalowesha la pili. Mwezi haukwisha, akampa mama mmoja mjane anayepika vitumbua, naye hakumwambia habari ya magunia. Mama yule aliona mkojo hauishi, wapangaji wenzake wakalalamika, akakitoa kwa familia ya tatu, yenye watoto wanne. Hapo kikafungwa kamba karibu na banda la jiko, mchana kutwa.

Mtoto wa miaka saba alikwenda kukibeba. Kijibwa kilikuwa na maumivu tumboni, kikashikwa palepale panapouma, kikamwuma mtoto mkononi.

Baba wa mtoto alifanya jambo la busara: alimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akampeleka hospitali. Daktari akauliza swali moja: mbwa huyu amechanjwa? Hakuna aliyejua. Baba akamwuliza mama wa vitumbua, mama akamwuliza mwenye duka, mwenye duka akatikisa kichwa. Mtoto akaanzishiwa sindano kama mtu ambaye hajulikani ameumwa na mnyama gani, na baba akakopa fedha za kukamilisha. Jioni ile balozi wa nyumba kumi, mzee wa makamo, akampigia simu mwalimu kule alikohamia.

"Ndugu Mwalimu, yule mbwa wako alikuwa na maradhi gani?"

"Shikamoo, Mzee. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakojoakojoa tu, tangu mwaka jana."

"Marahaba. Na chanjo?"

"Amechanjwa, Mzee. Kadi ninayo hapa, kwenye faili la vyeti."

Kadi ilikuwa katika faili, umbali wa safari ya siku mbili. Yote yaliyohitajika kuziokoa nyumba tatu yalijulikana tangu siku ya kwanza, na yalikaa kimya kwa mtu mmoja.

Mbwa alifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kama ilivyo kanuni ya mbwa mzima aliyemuuma mtu, asionyeshe dalili yoyote. Bwana mifugo alipompapasa tumbo alihisi mawe, na eksirei ikayathibitisha. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mwungwana, aliposikia habari ya mtoto alituma kadi na fedha za kumpasua mbwa. Aliyekichukua kijibwa hatimaye ni muuguzi mstaafu, anayeishi peke yake. Huyu alielezwa kila kitu: mawe, mkojo, kumwuma mtoto, na gharama ya chakula. Akasema, "Nimewauguza watu wazima waliokuwa wakijikojolea kwa miaka thelathini. Mleteni." Hadi leo kijibwa huteleza siku mojamoja. Yule mama hutandika gunia kuukuu, hufua, na maisha yanaendelea. Nyumba tatu zilizodanganywa zilishindwa. Nyumba moja iliyoambiwa kweli imeweza.

Wako watakaosema kwamba sindano za mtoto yule zilikuwa hofu ya bure, kwa kuwa mbwa alikuwa amechanjwa. Hapana. Mtu aliyeumwa na mbwa, hata mbwa awe na kadi kumi, ni lazima aende hospitali. Kadi humsaidia daktari kuamua, haimwondoi daktari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji kwa dakika 15, na chanjo ianze mara moja. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana aliyeumwa na mbwa, mwezi Julai mwaka 1885, hakuna sababu ya mtu kufa kwa ugonjwa huu isipokuwa kuchelewa, kukosa dawa, au kutokujua.

Na kwamba mbwa anayehama anaweza kuhamisha ugonjwa, ushahidi tunao karibu, ng'ambo ya mkondo huu unaoitenga Tanga na Pemba. Kisiwani Pemba, baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014. Watu wakapumua. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, na uchunguzi wa virusi ukaonyesha kwamba uliingizwa upya kisiwani, tena mara mbili. Ikabidi mbwa wa kisiwa kizima wachanjwe tena na tena, hadi ukatokomezwa mwaka 2018. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, na bado mnyama mgonjwa alipita. Mtaa ambao hauna hata ukuta utajilinda kwa nini, kama si kwa chanjo na kwa kuambiana kweli? Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Kuwaua mbwa kwa risasi na sumu kumejaribiwa miaka mingi, na hakujautokomeza.

Basi anayetaka kumtoa mbwa wake afanye nini? Kwanza ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumtangaza, maana huenda ila anayomkimbia ina tiba, na mbwa asihame kabisa. Pili atoe kadi ya chanjo mkononi, siyo kwa ahadi. Tatu aseme, mbele ya shahidi: anakojoa wapi na mara ngapi, amewahi kumwuma nani, anaogopa nini, anakula nini, anatumia dawa gani, kama amehasiwa. Aseme habari ya kupe, kwa sababu kupe wa mbwa hupandikiza maradhi ya damu yanayoweza kulala mwilini miezi mingi, mnyama akionekana mzima. Kama uani kwake walikufa watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, aseme pia, kwani virusi vya ugonjwa huo hukaa ardhini muda mrefu. Nne akubali kumpokea mbwa tena katika mwezi wa kwanza, mambo yakishindikana. Mtu aliye tayari kumrudisha kwake hasemi uongo kwa urahisi.

Anayepokea naye ana wajibu. Aulize. Asione haya kuuliza kwa kuwa anapewa bure. Cha bure ndicho kinachostahili kuulizwa zaidi. Amtazame mbwa katika nyumba aliyoizoea, si njiani. Awashauri anaokaa nao nyumba moja, hasa wanaosali na wenye watoto wachanga. Na akiona hawezi, aseme hawezi, kuliko kumpokea kwa haya akamfunga kamba nyuma ya jiko.

Viongozi wa mitaa wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilohitaji bajeti: kila mbwa anayebadili mwenyewe aandikwe katika daftari la mtaa, pamoja na tarehe ya chanjo yake na mahali alikotoka. Siku mtoto akiumwa, daftari moja lingemaliza kazi iliyomtembeza baba yule nyumba kwa nyumba.

Kuna hali ambayo hatuwezi kuipita kimya. Wako mbwa wagonjwa ambao hapatatokea mtu wa kuwachukua, hata kweli ikisemwa yote. Kumpeleka mbwa huyo sokoni usiku akaachwa kwenye majalala ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhesabu mwenye mnyama kuwa na wajibu juu ya mnyama wake. Kama tiba haipo na maumivu hayaishi, sindano ya daktari inayomlaza bila mateso ina huruma kuliko njaa na mawe ya watoto mitaani. Lakini hilo ni neno la mwisho, baada ya tiba kujaribiwa na kweli kusemwa, na lisiwe njia ya mkato ya mtu aliyechoka kupiga deki.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Katika jambo hili anayefichiwa ni mwingine, na anayeumbuka pengine ni mtoto wa watu. Malori ya uhamisho yatakuja tena mwaka huu. Anayefunga mizigo yake na atoe ile kadi katika faili kabla hajafunga sanduku, aivuke barabara kwa jirani yake, na aseme wazi: ndugu yangu, mbwa huyu anakojoa ndani, na hii ndiyo dawa aliyokuwa akipewa.